Mraba wa Kumi na Sita

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa mraba!

Na ndani ya mraba?

— Mraba mwingine!

Hapo kale, katikati ya Amerika, mbali na kila bahari, palikuwa na nchi ya nyasi. Mto ulikwenda ulikotaka, kilima kilikaa kilipopenda. Wanyama waliishi hivyo hivyo, maskini, bila hata kona moja.

Akaja Bwana Mbweha, mpima ardhi, na mnyororo wake na rula yake. Akaigawa nchi miraba thelathini na sita, akaihesabu kwenda na kurudi, kama ng'ombe alimavyo. Akaiita Kata ya Mirabani. Mto ulikataa kunyooka, basi hakuuchora. Mraba wenye kilima akajipatia yeye, kwa bahati tu.

Kanuni ilisema: mraba wa kumi na sita ni wa shule. Nao ulikuwa bwawa tupu. Humo aliishi Bi Chura na viluwiluwi wake mia tatu.

"Hama, Bi Chura. Tunafukia."

"Bwana Mbweha, wanangu hawajaota miguu. Watahamaje?"

"Kanuni ni kanuni."

"Kanuniii!" wakaitikia kondoo wote, wakamwaga udongo, wakajenga shule. Viluwiluwi mia wakafukiwa. Theluji ikayeyuka, shule ikazama. Katika kitabu cha historia ya kata wakaandika: *Shule imefunguliwa.*

Wakamwaga tena, wakajenga tena. Viluwiluwi mia wengine wakafukiwa. Mvua ikanyesha, shule ikazama hadi kengele. Wakaandika: *Shule imefunguliwa upya.*

"Kesho tunafukia mara ya tatu," akatangaza Mbweha.

Bi Chura akaruka hadi mkutanoni.

"Bwana Mbweha, kanuni inasema tuhesabu kuanzia wapi?"

"Konani."

"Kona ipi?"

"Bibi we! Kona ni kona. Mimi nilianzia kaskazini-mashariki, ndipo nilipokuwa nikinywa chai."

"Kwa hiyo kona zote ni sawa?"

Mbweha akavimba kifua. "Nimezipima mwenyewe. Hakuna iliyozidi nyingine hata unywele!"

"Basi naomba nianzie ile ya pili, inayoitazama yako."

Akaruka moja, akaruka mbili, akaruka tatu, kwenda na kurudi, kondoo nyuma wakihesabu kwa sauti. Kumi na sita ikaangukia juu ya kilima, pakavu kama kikaango, mbele ya baraza la Mbweha.

"Hama, Bwana Mbweha."

"Nihame? Wanangu wamelala ndani!"

"Wana miguu?"

"Wanayo. Minne minne."

"Basi wana bahati kuliko wangu."

Mbweha akafungua kinywa, lakini kondoo wakamtangulia: "Kanuniii!"

Shule ikajengwa kilimani, haijazama hadi leo. Mbweha akapewa mraba uliobaki wazi, ule wa bwawani. Kila theluji ikiyeyuka, Bi Chura na wanawe mia moja huja kumjulia hali, naye huwapokea akiwa juu ya paa. Kitabu cha historia kinasema: *Bwana Mbweha amehamia penye mandhari nzuri ya maji.*

Mwenye rula na akumbuke: kanuni umwambiayo asiye na miguu, ipo siku itakutembelea kwako.

Hadithi yangu imefika kona. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, ila mje kwa mstari ulionyooka. Mkikuta bwawa njiani, kwenye ramani halipo.