Kwa Nini Hodi ya Kwemshindo Haijibiwi kutoka Ndani

Yako mambo matatu ambayo mashahidi wote waliyakubali, na ni vyema yatangulie, kwa sababu baada ya hayo kila mmoja alishika njia yake. La kwanza, kwamba hodi ilipigwa mara tatu mbele ya pango la Kwemshindo, mchana, jua likiwa utosini. La pili, kwamba ilijibiwa mara moja tu, kwa neno moja: karibu. La tatu, kwamba watu tisa waliingia, na aliyetoka kwa miguu yake ni mmoja.

Zama hizo Kwemshindo haikuwa kama mnavyoiona leo. Mtu akipiga hodi kwa mwenzake, aliitikiwa kutoka popote mwenye nyumba alipokuwa: jikoni kwenye moshi, kitandani na homa yake, uani akisuka ukili. Karibu ilitangulia, uso ulifuata baadaye. Kuinyamazia hodi kulihesabiwa kuwa tusi zito, na watoto walifundishwa kuiitikia kabla hawajafundishwa kutaja majina ya babu zao.

Na zama hizo walikuwapo watu waliosafiri kwa ajili ya kuona mahali pa hadithi. Walitoka mbali, wengine ng'ambo ya bahari. Walikwenda kwenye mwamba wenye unyayo wa jitu, wakatia miguu yao ndani ya ule unyayo na kucheka. Walikwenda kwenye ziwa lililosemekana kumeza kijiji kizima kwa sababu ya bibi mmoja aliyenyimwa maji. Mwisho wa mzunguko wao ulikuwa pango hili, ambamo, kwa mujibu wa hadithi, Babu wa kwanza wa ukoo aliingia akiwa hai na hajafa bado. Msafiri alisimama mlangoni akapiga hodi. Babu akiitikia, msafiri aliingia hadi kwenye ukumbi wa mawe meupe. Babu akinyamaza, msafiri alirudi kwao.

Kama Babu alikuwamo au hakuwamo, hilo halina ushahidi. Lenye ushahidi ni kwamba alikuwamo Mwanjaa.

Mwanjaa alikuwa binti wa Semhando, mlinzi wa pango. Nyuma ya kilima ulikuwapo ufa ambao mtu mwembamba aliweza kupita kwa ubavu. Mwanjaa aliupita, akaketi katika chumba kidogo cha mawe kilichopakana na mlango wa pango, mtungi mtupu mapajani. Msafiri akipiga hodi, aliingiza mdomo kwenye shingo ya mtungi akasema, "Karibu," na neno lile likatokea upande wa pili wa ukuta likiwa sauti ya mzee wa miaka mia mbili. Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake. Ilikuwa siri ya nyumba ya Semhando, na hata wakwe hawakuijua.

Kabla ya kumwita Semhando tapeli, yapimwe na ya upande wake. Chini ya pango ulipita mto usioonekana. Mvua ikinyesha milimani, huku mabondeni kukiwa kukavu kabisa, mto ule ulipanda na kuujaza ukumbi wa mawe meupe kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha uji. Ndani ya chumba cha Mwanjaa kilikuwamo kisima kilichopanda na kushuka pamoja na mto, na ukutani mwa kisima alama iliyochongwa. Maji yakiwa chini ya alama, Mwanjaa aliitikia. Yakiipita, alinyamaza.

"Nikiwaambia kuna maji, watataka kuyaona," Semhando alizoea kusema. "Nikiwaambia Babu hataki, wanageuka wenyewe."

Kwa miaka yote ya shangazi, na tisa ya Mwanjaa, hakuna msafiri aliyepotea. Hilo nalo lina ushahidi.

Kwa Mwanjaa, kuitikia hakukuwa kazi. Kunyamaza ndiko kulikuwa kazi. Siku za maji mengi alikunja upindo wa kanga yake akauuma, kwa sababu hodi iliyopigwa na mtu aliyetembea siku sita ilimpanda kooni kama kikohozi. Alirudi nyumbani na kinywa kikavu, akiona haya kana kwamba alimfungia mgeni mlango. Na alirudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Mumewe, Kibago, aliondoka miaka minne nyuma, akasema anakwenda kuwaongoza wasafiri kwenye mahali pa hadithi, na hakuleta habari tena. Majirani walikwisha kuanza kumpa pole. Baba yake alimshauri akae eda. Mwanjaa alikataa.

Siku hiyo maji yalikuwa vidole vinne juu ya alama. Akiwa na kanga yake mdomoni, aliwasikia wasafiri wakiwasili upande wa pili wa ukuta.

"Ndipo hapa?" alisema bibi mmoja, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Mwanahija. "Mmenitembeza siku sita kuja kuniangalisha shimo la nungunungu?"

"Bi Mwanahija, kaa kwenye jiwe hilo, ulipumzishe goti na ulimi pia," alijibu mwanamume mmoja, Ngoda.

"Ulimi wangu hauna goti, mwanangu."

Walicheka. Mmoja wao akapiga hodi. Mwanjaa alinyamaza. Akapiga ya pili, na Mwanjaa aliuma nguo hadi meno yakakutana. Wasafiri wakaanza kunung'unika kwamba Babu ni kiziwi. Ndipo kiongozi wao, ambaye mpaka hapo hakuwa amesema neno, alipopiga ya tatu mwenyewe.

"Hodi, wa nyumbani! Mmelala?"

Hivyo ndivyo Kibago alivyopiga hodi kila jioni alipotoka shambani, kwenye mlango wake mwenyewe, kwa utani. Na Mwanjaa alifanya alichofanya kila jioni. Kanga ilimdondoka. Mtungi ulikuwa tayari mapajani, na uso wake ulikuwa juu ya shingo ya mtungi.

"Karibu," alisema.

Upande wa pili kulizuka vigelegele. "Mmesikia?" ilisema sauti ya Kibago. "Babu amenijua! Washeni mienge, tuingie." Hakujua kwamba aliyeitikia ni mkewe. Aliamini pango kama walivyoliamini wale aliowaongoza, na kwa imani hiyo alitangulia mbele yao.

Mwanjaa alitazama kisima, akaona maji yamezidi kupanda hata alama haionekani tena chini yake. Akaubana mdomo kwenye mtungi akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Rudini! Rudini!" Lakini mtungi uliimeza silabi ya kwanza, na mawe yakazivuruga zilizobaki. Ngoda aliapa baadaye, naye hakuwa na sababu ya kusema uongo, kwamba alilosikia lilikuwa hili: ndani, ndani. "Tuliona Babu anatuhimiza," alisema. "Tukaongeza mwendo."

Mwanjaa aliutupa mtungi, akapita ufani hadi ngozi ya bega ikabaki kwenye jiwe, akakizunguka kilima mbio. Mlangoni alimkuta Mwanahija peke yake, amenyoosha mguu.

"Unakimbilia nini, binti? Nafasi ingalipo."

Upepo wa baridi ulitoka pangoni, ukafuatwa na mngurumo, kisha ukimya. Baada ya muda alitokea Ngoda, amelowa hadi kichwani. Nyuma yake hakutokea mtu. Siku ya nne maji yaliwarudisha watano. Kibago hakuwa miongoni mwao.

Baraza la wazee lilikaa siku tatu, na mbele yake Mwanjaa aliungama kwamba aliyeitikia ni yeye. Semhando alisimama akasema kwa upole, "Wazee wangu, binti yangu amefiwa. Mfiwa ana maneno mengi, msimhesabie. Babu aliwaita aliowataka." Wengi walitikisa vichwa kukubali, kwa kuwa maelezo hayo hayakumtia mtu yeyote hatiani.

"Mkiridhika kwamba ni Babu, wazee," alisema Mwanjaa, "basi mwezi ujao nitarudishwa kwenye kile chumba cha kisima, na kuna wengine walioko njiani. Mimi sitaweza tena kunyamaza. Mnajua sasa kwamba sitaweza. Niletewe mtungi, na yule bibi asikilize."

Mtungi wake ulikuwa umevunjika, ukaletwa mwingine wa kimo kile kile. Waliingia naye ufani wazee wawili, na Mwanahija akaketishwa mahali pale pale alipoketi siku ile. Ikapigwa hodi. Ukutani pakatoka neno: karibu.

"Inafanana," alisema Mwanahija.

"Inafanana, au ndiyo yenyewe?" aliuliza mkuu wa baraza.

Yule bibi alikuwa mgeni. Hakuna aliyemwambia kwamba kiongozi wao alikuwa mume wa mtu Kwemshindo, na jambo hilo lilithibitishwa kwa kiapo.

"Inafanana," alisema tena. "Ila ile ya siku ile ilikuwa na furaha."

Mwanjaa, aliyekuwa akitoka ufani, alilisikia neno hilo, akakaa chini palepale.

Baraza lilikubali kwamba sauti ilikuwa ya Mwanjaa. Juu ya hatia halikukubaliana. Wako waliomtaja yeye, kwa kuwa alijua maji yalipofika. Wako waliomtaja Semhando, aliyeweka mtu mahali pa alama. Wako waliomtaja Kibago, aliyewaongoza wenzake kwa hadithi asiyowahi kuikagua. Kwa hiyo waliamua lile tu waliloliweza: ufa upanuliwe, na kila msafiri aonyeshwe kisima na alama kwa macho yake, kisha achague. Mwanjaa aliishi miaka mingi baada ya hapo, akikaa nje ya mlango wake tangu alfajiri hadi giza, ili asiwepo mtu wa kumpigia hodi.

Na tangu siku hiyo, mtu akipiga hodi Kwemshindo, hatasikia karibu kutoka ndani. Atasimama angojee. Mwenye nyumba atainuka, hata akiwa mgonjwa, atafika mlangoni, atauonyesha uso wake, ndipo atakapolitamka neno hilo. Wageni hudhani ni kiburi.

Limebaki jambo moja, na si haki kuwaficha ninyi mliokuja kuliona pango. Tangu alama ionyeshwe wazi, wamekuwapo wasafiri kumi na mmoja, katika miaka mbalimbali, walioiona imezama, wakasema wanataka kuyaona maji, wakaingia. Sauti ya uongo iliwalinda watu kwa vizazi viwili, ikaua wanane kwa siku moja. Ukweli haujamdanganya mtu, nao umeua kumi na mmoja. Mwanjaa alikwisha kufa na hawezi kuulizwa. Wazee walishindwa. Basi ninyi, ambao hamna ndugu katika kesi hii, mngemhukumu nani?