Nusu ya Uso wa Hajun

Sogeeni, wenye masikio na wenye vioo. Nawapeleka Korea, mji wa Ulsan, kunakoundwa meli.

Zamani huko mwanamume mzuri alikuwa wa taya pana na ngozi iliyopigwa jua. Siku hizi waimbaji wa kiume wanapaka poda na rangi ya mdomo, na umati unawashangilia. Nami, msinicheke, nawaona wamependeza kwelikweli.

Hajun alitaka kuwa mmoja wao, lakini shavu lake la kushoto lilikuwa na kovu la moto. Shangazi yake, Miran, alikuwa fundi wa kupamba. Akikupaka poda, hata aliyekuzaa angeapa ulizaliwa hivyo.

Mwalimu wa dansi wa Hajun, Taesik, aliwahi kuwa mwanamieleka. Kipaji chake kilikuwa kumfundisha mtu kusimama. Kila siku alimkataza Hajun kuficha shavu.

Baba yake Hajun, Gwangsu, alikuwa mchomeleaji katika kiwanda cha meli. Poda hakuijua, na maneno matamu hakuwa nayo. Alimpenda mwanawe kimyakimya.

Ikafika siku ya mchujo wa mwisho wa waimbaji. Hajun akikosa, Jumatatu anaingia kiwandani. Miran alimpaka mpaka kovu likapotea. Mlangoni pa ukumbi wakakutana na baba, katoka kazini moja kwa moja. Kiwandani kwao, ukimwona mwenzako ana vumbi usoni, unamfuta kwa taulo lako la shingoni. Gwangsu aliona weupe kwenye shavu la kushoto, akadhani ni vumbi, akaufuta. Kabla Miran hajamzuia, kovu liko nje, na jina la Hajun linaitwa.

Akaingia hivyohivyo. Alisimama kama alivyofundishwa, akawapa majaji uso mzima, akaimba. Jaji mkuu, mama wa makamo, alimtazama shavu moja, kisha la pili.

"Nusu hii ni ya leo," akasema, "na hii ni ya enzi za baba yangu. Sijaona uso mzuri kama huu."

Akachaguliwa.

Kwao shukrani kubwa ni kupiga magoti na kuinama hadi sakafuni, na wa kwanza kuinamiwa ni mmoja tu. Nyumbani watatu wakaketi.

"Bila poda yangu wangeona kovu tu," alisema Miran.

"Bila mimi angelificha," alisema Taesik.

Gwangsu alikuwa amelikunja lile taulo mapajani, upande wenye poda ukiwa ndani, kwa aibu.

Hajun amepiga magoti, anawatazama. Je, ungekuwa wewe, ungemwinamia nani kwanza?