Jogoo Aliyelaaniwa

Ndugu zangu, Wagiriki wa kale walikuwa na neno lao, ekstasis. Msiogope, halina mtihani. Maana yake ni kusimama nje. Mtu akipagawa, walisema huyo amesimama nje ya nafsi yake: nyumba ipo, mwenyewe hayumo. Mnacheka? Haya, sikieni habari za mama mmoja.

Mama huyu alikuwa na jogoo mmoja tu, na siku hiyo wazazi wa kijana aliyemposa binti yake walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza. Niambieni, nani kati yenu atawaandalia wakwe mchicha? Jogoo alifunikwa kwa tenga, jiwe juu. Mama akaenda kisimani. Kurudi, jiwe lipo, tenga lipo, jogoo hayupo!

Alaa! Aibu gani hii! Hakuuliza mtu. Alitua ndoo, akajifunga kanga kiunoni, akapanda kichuguu cha njia panda.

“Wezi wakubwa nyie! Atakayemla jogoo wangu tumbo limvimbe! Mfupa umkwame kooni!”

Akawachambua majirani mmoja mmoja, hata marehemu babu zao hakuwaacha. Mzee mmoja aliyevaa kanzu safi akapita na mkewe, akamsalimu kwa adabu.

“Pita huko!” mama akafoka. “Unanikodolea macho, kwani jogoo umemla wewe?”

Wale wawili wakaongeza mwendo.

Sauti ilipomkauka, mama akarudi nyumbani. Lo! Mzee wa kanzu na mkewe wamekaa mkekani kwake. Jirani yake amewakaribisha, na mbele yao kuna sinia la wali, na juu ya wali, jogoo.

“Dada, ulikuwa wapi?” jirani akauliza. “Si ulinisihi jana, kwamba kwetu mwanamke hachinji, nije mapema nikuchinjie? Nimekuja sikukukuta. Nimechinja, na mke wangu ameshapika.”

Maskini mama wa watu! Ndoa ya mwanawe aliiona inaondoka na vumbi. Mzee alikuwa ameshika paja la kuku, limekomea karibu na mdomo.

“Samahani, mkwe wangu,” akasema. “Hili tulile, au ile laana ya kichuguuni bado ina nguvu?”

Mama alipiga magoti, akamega kipande cha kwanza yeye mwenyewe, akala mbele yao wote huku machozi yanamtoka. Mzee akamtazama akitafuna mpaka akameza. Ndipo naye akala.

Sasa, mbona mmenyamaza? Nani humu hajawahi kupanda kichuguu? Sisi tukiudhika tunatoka nje ya nafsi zetu, tunamlaani mwizi tusiyemjua, kumbe tunakilaani chakula cha wageni wetu. “Jirani, umemwona jogoo wangu?” Swali hilo tu lingetosha. Na wewe uliyeko juu hadi asubuhi hii, shuka, ndugu yangu. Shuka ukale kipande cha kwanza.