Askari wa Kabula

Usiipitie hii juu juu, ndugu yangu. Mimi imenitoa machozi nikiwa jikoni, na kitunguu sikuwa nacho hata kimoja.

Palikuwa na binti wa miaka tisa aitwaye Kabula. Ghafla akaanza kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, akakonda mpaka sketi ya shule ikawa inamvuka. Alipozimia, mama yake alimbeba mbio hadi hospitali. Madaktari wakasema ni kisukari.

Bibi Minza, mama mzaa baba, alifika wodini na chupa ya mwarobaini. Kwake yeye dawa ya tamu ni chungu, basi! Hata salamu hakumpa mkwewe, Mama Kabula, akamfokea:

"Ni wewe na uji wako wa sukari! Akitoka hapa naondoka naye. Kwako harudi."

Mama Kabula aliamini ni kweli, maskini, akainama akalia. Huyo ndiye mtoto wake pekee.

Daktari, kijana mpole, akavuta kiti.

"Shikamoo, bibi. Uji hauna kosa, na mama hana kosa. Kwenye damu tuna chembe ambazo ni askari wa mwili, hupigana na vijidudu. Za Kabula zimekosea. Zimeshambulia kongosho lake, linalotengeneza insulini, zikidhani ni adui. Bila insulini chakula hakimpi nguvu, atakufa. Kwa hiyo atachomwa sindano ya insulini kila siku. Mwarobaini hauwezi kazi hiyo."

Kabula alikuwa anasikiliza. "Daktari, hao askari wangu ni wabaya?"

"Hapana, Kabula. Walitaka kukulinda. Wamekosea adui tu."

Mtoto akamgeukia bibi yake. "Kumbe ni kama wewe, bibi. Unanilinda mimi, halafu unampiga mama kwa maneno."

Loh! Wala hakusema kwa ujeuri, jamani. Alisema kwa sauti ndogo, huku amemshika bibi mkono.

Bibi Minza akaketi pale kitandani. Akamvuta mkwewe kifuani, akalia kuliko wote. "Nisamehe, mwanangu. Niliogopa kumpoteza."

Kisha akajifuta kwa kanga, akamwambia daktari, "Tufundishe sindano sote wawili. Mtoto anarudi kwa mama yake, na mimi nakwenda kuwasaidia."

Funzo: Upendo ukishikwa na hofu huwapiga watu wa nyumbani. Kabla hujamshambulia mtu, mtazame vizuri. Huenda ndiye anayemweka hai yule unayempenda.