Fisi Aliyekuja Matanga kwa Nyegere

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakizikana na kukaa matanga kama sisi, Nyegere alifiwa na mumewe. Akabaki na mtoto mmoja, Siwema, katika shimo walilolichimba pamoja.

Lilikuwa shimo zuri, lenye mlango mmoja na ukumbi mpana. Kutoka ukumbini, njia nyembamba ilielekea chumba cha ndani. Mila ya nyegere ni kumlaza maiti wao chumbani humo, kuuziba mlango wa chumba kwa udongo, na kutougusa tena. Ndivyo alivyozikwa baba Siwema.

Fisi akaja kuhani. Alilia sana, nasikia hata machozi yalimtoka. Siku ya tatu wageni wengine wakaaga. Yeye akajinyoosha mlangoni na kusema bado ana majonzi. Chakula chote kilipokwisha, akaanza kumtazama Siwema.

"Shemeji, mtoto huyu amenona," akasema.

Nyegere kupigana asingeweza, na kupita asingepita. Akalia, na kilio kile hakikuwa cha uongo.

"Shemeji, ukitufanya lolote sina la kusema. Ila nakusihi, usimguse marehemu. Yumo mle mwisho wa njia, nyuma ya udongo. Mwili wake bado mzima."

Kisha akamkumbatia mwanawe, akajifanya amelala.

Fisi hakungoja. Akajipenyeza kwenye ile njia, kucha zikikwaruza, kwaru, kwaru. Nyegere ana ngozi iliyolegea, hugeuka humo apendavyo. Fisi alifika kwenye udongo, mabega yakakwama. Mbele haendi, nyuma harudi.

"Shemeji, nivute mguu!"

Nyegere alikuwa ameshaanza kusukuma udongo nyuma ya Fisi.

"Kwetu chumba cha maiti hakiachwi wazi," akamjibu. "Ni mila tu, shemeji."

Akashindilia mpaka sauti ikapotea. Akambeba Siwema kwa meno, wakatoka.

Msidhani alifurahi, wanangu. Nyumba aliyoichimba na mumewe hakuweza kuikalia tena, na mumewe alimwacha mle, ukuta mmoja na Fisi. Alitembea akilia mpaka Siwema akalowa kichwa.

Basi, ukienda msibani kwa mwenzako, mfariji, kisha uende zako.