Mashavu Matupu ya Kitwana

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeitika kama mna homa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tunakwenda. Hapo zamani za kale, kale ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshapita, palikuwa na panya buku jike, jina lake Shuwea. Buku si hawa panya wa darini wanaotafuna unga wenu. Buku ni mkubwa, mkubwa kama paka, anakaa shimoni, na mashavu yake ni mifuko. Akiokota kitu anakitia shavuni, anakwenda nacho kwake.

Shuwea alikuwa na nyumba, na nyumba ile alijivunia. Kwa nini asijivunie? Aliichimba mwenyewe, kwa kucha zake na meno yake, na mimba tumboni. Chumba cha kulala, ghala, ukumbi, na milango miwili, wa mbele na wa uani. Mlango wa uani ndio uhai wa buku. Adui akija kwa mbele, wewe unatokea nyuma. Majirani wakipita, Shuwea alitoka akajifanya anafagia, ili tu wamuulize nani kachimba.

Mumewe aliitwa Kitwana. Mume mwema, mchapakazi, hana makuu. Lakini mabuku wana desturi yao. Dume harudi nyumbani mashavu matupu. Akirudi mashavu yamenywea, wenzake wanamcheka, wanasema huyo hana kazi, mkewe analala na njaa. Basi Kitwana akikosa karanga, anaokota kizibo cha chupa. Akikosa kizibo, anaokota kifungo cha shati. Akikosa kifungo, anaokota kisigino cha kiatu. Mradi mashavu yajae. Anaingia ndani, anatema ukumbini, puu! Anatoka tena, anarudi, puu!

Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba cha Shuwea kikafurika. Watoto wakazaliwa, wanne, wakakosa pa kutambaa. Shuwea akafagia. Kesho yake pamejaa. Akafagia tena. Pamejaa tena. Mwisho akaweka ufagio chini akasema moyoni, nitafagia mpaka nizeeke na sitamaliza. Dawa haiko ukumbini, dawa iko mlangoni.

Akatoa takataka zote, akaketi mlango wa mbele, akasubiri. Kitwana akaja, mashavu yametuna. Shuwea akamuuliza, "Mume wangu, hicho kitakaa wapi?"

Kitwana akajibu, "Mm. Mm-mm."

Atajibu nini na kinywa kimejaa? Ikabidi ateme, puu, pale pale kizingitini. Akavitazama alivyovileta. Kipande cha kitana, na mpini wa kijiko. Akajikuna sikio. Mahali pa kuviweka hakupaona, akaenda kuvitupa.

Ikawa ndiyo sheria ya nyumba ile. Karanga ilipita, maana ghala lipo. Jani kavu lilipita, watoto wanalilalia. Kisichokuwa na mahali pake hakikuvuka. Ukumbi ukawa mweupe, watoto wakatambaa, na Shuwea akatembea kichwa juu.

Lakini Kitwana, masikini, aibu ilimla. Wenzake walikuwa wakimwona anarudi mashavu yamenywea, wanakohoa kwa kejeli, wanaulizana kama siku hizi anakula kwa mkewe. Maneno yakamchoma. Akafanya kosa. Akawa anazunguka nyuma, anatema mizigo yake katika njia ya uani, anaisukuma ndani, kisha anakuja mbele mpole kama maji ya mtungi. Na Shuwea, kwa kujivunia ukumbi wake, njia ya nyuma hakuikagua.

Masika yakaanza. Mvua ya kwanza ikalowesha ardhi, na siafu wakatoka. Mnawajua siafu, hawabishi hodi. Wakaja safu kwa safu, weusi, wanawaka, wakaingia kwa mlango wa mbele. Shuwea akaona wa kwanza ukutani. Hakupiga kelele. Akamtia mtoto mmoja kinywani, akawasukuma wengine mbele yake, akakimbilia uani.

Njia imezibwa.

Vizibo, vifungo, visigino, vimeshikana kama ukuta. Akamtua mtoto, akaanza kufukua, kwaru kwaru, kwaru kwaru. Anavuta kimoja, viwili vinaporomoka. Siafu wakamfikia mkiani. Wakamng'ata. Akageuka akawakinga watoto kwa mgongo wake, huku anavuta kwa mkono mmoja, na moyo unamwambia, Shuwea, leo wanao wanakufia ndani ya nyumba uliyojivunia.

Wakati ule ule Kitwana alikuwa nje, nyuma, anakuja na mzigo mwingine. Akasikia watoto wanalia ndani ya shimo. Akatema alichonacho, akaingiza kichwa, akajaza mashavu kutoka ndani, akatema nje. Akaingiza, akajaza, akatema. Mkewe anavuta kwa ndani, yeye anavuta kwa nje, kwaru kwaru, puu, kwaru kwaru, puu, mpaka tundu likapatikana. Mtoto wa kwanza akapita. Wa pili, wa tatu, wa nne. Mwisho akapita Shuwea, mgongo wote siafu.

Kitwana akamtoa siafu mmoja mmoja kwa meno, machozi yanamtoka. Alipomaliza akasema, "Ni mimi, mke wangu. Niliogopa kuchekwa."

Shuwea akamwambia, "Waliokucheka wako wapi sasa hivi?"

Siafu walipokwisha kupita, mume, mke na watoto wakarudi kwao. Jioni ile Kitwana akaenda malishoni, akarudi kwa njia kuu, katikati ya wenzake, na mashavu yake yamenywea kabisa. Mmoja akacheka, akamuuliza leo ameona nini.

Kitwana akasimama, kifua mbele. "Nimeona vingi," akasema. "Vyote nimeviacha vilipo."

Shuwea alikuwa mlangoni, na watoto wote wanne miguuni. Hakuwahi kumwonea fahari mumewe kama jioni ile. Akasogea pembeni, akampisha aingie.

Basi, wakubwa kwa wadogo, msikie. Kabla hujabeba kitu kwenda nacho nyumbani, kiulize kitakaa wapi. Kikikosa jibu, kiache hapo hapo, wala usione haya kurudi mikono mitupu. Hadithi yangu imekoma hapo. Iliyo tamu mchukue, na iliyo chungu niachieni mwenyewe.