Kigari Kilichopanda Bei

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, petroli ilipokuwa rahisi hata mtu akatoa gari uani kwenda kununua kiberiti duka la pili, aliishi Morogoro bwana mmoja jina lake Zeno Mkude. Zeno alikuwa na kigari chekundu. Alikinunua kwa fedha zake, na kadi ya gari ikaandikwa jina lake.

Kigari kilikuwa kizima. Kosa lake lilikuwa udogo. Siku ya harusi ya mkuu wake wa kazi, msafara ulipopangwa, mpanga magari alikitazama kigari, akamtazama Zeno, akasema, "Mzee, hiki kipeleke kule nyuma, kikabebe masufuria." Watu wakacheka. Zeno naye akacheka, lakini masikio yalimwaka moto mpaka Jumatatu.

Wiki ile ile akanunua gari kubwa, jeusi, refu, unalipanda kama unapanda dari. Kigari akampa mdogo wake wa kike, Kolumba, mpika maandazi.

"Niondolee aibu hii uani kwangu," alimwambia. "Kadi tutabadilisha siku nyingine."

Hiyo siku nyingine mnaijua. Haikuja.

Kolumba akaichukua aibu ya kaka yake, akaiosha, akaipakia maandazi. Wakamcheka sokoni, wakamcheka kanisani, yeye anaendesha tu. Mwaka wa pili injini ikafa. Dalali akamshauri akakiuze kama vyuma chakavu, maana gari dogo wakati ule hakuna aliyelitaka. Ndipo Fundi Mwinjuma, ambaye gari lake mwenyewe liligongwa na lori likasalia injini tu, akaifungua injini ile akaifunga kwenye kigari cha Kolumba.

"Nikupe nini, fundi?"

"Endesha kwanza, dada. Siku kikiuzwa tutaongea."

Basi petroli ikapanda. Ikapanda tena. Watu wakasema sasa imefika, ikapanda. Magari makubwa yakalala uani, kuku wakatagia chini yake, wenyewe wakashika njia kwa miguu. Ukimuuliza mtu, "Mheshimiwa, mbona leo unatembea?" anakujibu, "Daktari kaniambia nifanye mazoezi." Mji mzima ukawa na daktari mmoja. Zeno naye alikuwa mgonjwa wake.

Alimwita dalali aliuzie mbali lile jeusi. Dalali akalizunguka mara moja.

"Bosi, gari zuri. Ila siku hizi mteja haulizi gari, anauliza linakula lita ngapi. Vidogo ndivyo vinavyogombewa. Hivi kile chekundu ulikipeleka wapi?"

Zeno akasema amepigiwa simu, akaiweka sikioni. Simu ilikuwa imezimika.

Asubuhi moja mkewe Filomena alianguka jikoni, upande mmoja umekufa ganzi. Zeno akalikimbilia gari jeusi, akawasha. Likakohoa, likanyamaza. Tangi kavu. Akampigia Kolumba. Kolumba akashusha ndoo za maandazi kando ya barabara, akaziacha hapo hapo, akaja. Kigari kikamfikisha Filomena hospitali, na daktari, safari hii wa kweli, akasema, "Mngechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine."

Filomena akapona, ila mguu ukahitaji mazoezi hospitalini mara tatu kwa wiki. Kolumba akawa anampeleka, anamrudisha. Na Zeno, kila akisikia kigari kinapiga honi nje, anajifanya yuko bafuni.

Hata siku moja Kolumba akaja na Fundi Mwinjuma, kadi mkononi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Nimepata mteja wa Dodoma. Anatoa milioni tisa, karibu mara mbili ya ulichonunulia. Nataka nifungue bekari, kaka, moshi wa kuni umenimaliza kifua. Ananisubiri gereji mpaka saa kumi. Jina ni lako, naomba sahihi tu."

Zeno akapapasa mfuko wa shati. Kalamu ilikuwemo, aliigusa kabisa.

"Sina kalamu," akasema.

Kolumba alikwisha kuiona. Akainamisha macho, akaona haya kwa niaba yake.

"Mdogo wangu," Zeno akasema, "hizo milioni sizitaki. Nakitaka kigari. Kikienda Dodoma, wifi yako atafikaje hospitali? Bodaboda hawezi kukaa. Na nilikinunua mimi, jina bado langu."

"Kaka, ulikiita aibu. Miaka sita nimechekwa mimi, si wewe. Kilipokuwa hakina bei kilikuwa changu. Leo kina bei, ndiyo kimekuwa na jina?"

Mwinjuma akakohoa. "Mzee Zeno, ugomvi wa ndugu siuingilii. Lakini kadi haiwaki ukizungusha ufunguo. Bila injini yangu mngekuwa mnagombania bati, na shemeji huyo ndani asingefika hospitali. Kikiuzwa, nusu yangu. Kisipouzwa, naifungua injini yangu naondoka nayo. Hata injini ndogo sasa hivi inatafutwa."

Kisha sauti ya Filomena ikatoka chumbani, nzito, ya mdomo uliopona nusu.

"Baba Anjela. Kalamu iko mfukoni."

Zeno akaitoa. Akaitazama kadi, akautazama mlango wa mkewe, lakini hakuweza kumtazama mdogo wake. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Haya, semeni ninyi, maana Zeno alikuwa hajui aanze na nani kuona haya. Jina la Zeno lipo, miaka ya Kolumba ipo, injini ya Mwinjuma ipo, mguu wa Filomena nao upo. Mngekuwa nyinyi mmeishika kalamu ile, mngetia sahihi? Na je, kigari kile, nani hasa alikistahili?